Ua jekundu kifuani, skafu shingoni: Soka linavyobeba familia za wanajeshi

KILA ikifika Novemba, shabiki anayefuatilia Ligi Kuu England kwenye kibandaumiza anaona kitu kilekile. Jezi ya Arsenal, ya Liverpool, ya Manchester United, zote zinatoka na ua jekundu kifuani. Wachezaji wanalizunguka duara la katikati, uwanja mzima unanyamaza, tarumbeta inalia, halafu ndipo kandanda linaanza. Wengi wetu hapo tunasubiri filimbi tu. Anatokea mmoja anauliza, "Hivi lile ua la nini?" Jirani yake anamjibu, "Mambo yao hayo, wewe angalia mpira."

Kumbe ua lile lina kazi kubwa. Ni ua la popi, mmea uliokuwa ukiota kwenye mashamba ya Ufaransa na Ubelgiji yaliyochimbuliwa na mabomu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Tangu mwaka 1921, chama cha Royal British Legion kimekuwa kikiuza maua hayo ya bandia ili kupata fedha za kuwasaidia wanajeshi, wastaafu wa jeshi na familia zao. Zile jezi unazoziona zimeshonwa ua, baada ya mechi nyingi huingia mnadani. Shabiki tajiri anapeleka dau, anapata jezi yenye jasho la mchezaji wake, na fedha zinakwenda kwa mjane aliyekwama kodi ya nyumba, au kwa mzee aliyepoteza mguu vitani na anahitaji kiti cha magurudumu.

Yaani pale kwenye ile dakika ya kimya, soka linafanya kazi ambayo halionyeshwi kwenye marudio ya magoli. Linazishika mkono familia za askari. Na historia ya jambo hilo ni ndefu kuliko umri wa klabu nyingi tunazozishangilia.

WANAJESHI NA KOMBE LA FA

Tuanze na hili ambalo mashabiki wengi hawalijui. Fainali ya kwanza kabisa ya Kombe la FA, mwaka 1872, ilikuwa na timu ya jeshi ndani yake. Royal Engineers, kikosi cha wahandisi wa jeshi la Uingereza, kilifungwa 1-0 na Wanderers. Miaka mitatu baadaye, 1875, wanajeshi hao walirudi na kulibeba kombe lenyewe.

Kwa hiyo jeshi halikuja kwenye soka kama mgeni. Lilikuwepo tangu mpira unatambaa. Tofauti ni kwamba wakati ule hakuna aliyekuwa anawaza sana juu ya mke na watoto wa askari. Askari akifa, familia inapelekewa barua, inapangiwa pensheni ndogo, basi. Mengine ni ya ndugu na majirani.

Vita ya 1914 ndiyo iliyobadilisha hesabu, maana safari hii waliokwenda walikuwa wachezaji wenyewe, na waliobaki wakiwalilia walikuwa mashabiki wao.

ORIENT: WATU 41 KWA MPIGO

Desemba 1914, katika ukumbi wa mji wa Fulham, London, iliundwa bataliani ya 17 ya kikosi cha Middlesex. Watu wakaibatiza jina la Bataliani ya Wanasoka. Klabu ya Clapton Orient, ambayo leo tunaiita Leyton Orient, ilitoa watu 41, wachezaji na watumishi wa klabu. Hakuna klabu ya England iliyokuwa imetangulia kujiandikisha kwa wingi namna ile.

Watatu kati ya wachezaji hao hawakurudi. William Jonas, Richard McFadden na George Scott, wote walipoteza maisha mwaka 1916 kutokana na mapigano ya Somme, nchini Ufaransa.

Habari ya Jonas na McFadden ndiyo inayouma zaidi. Walikuwa marafiki tangu utotoni. Siku ya mwisho ya Jonas walikuwa wamebanwa pamoja ndani ya handaki, risasi zinapita juu. McFadden ndiye aliyeiandikia klabu baadaye akaeleza kilichotokea: kwamba rafiki yake alimpa mkono wa kwaheri, akatuma mapenzi kwa mkewe na salamu kwa wenzake wa Orient, akaruka nje ya handaki, na hakufika mbali. Miezi michache baadaye McFadden naye akafa.

Angalia salamu zile zilikwenda wapi. Kwanza kwa mke, pili kwa timu. Kwa mchezaji yule, klabu ilikuwa nyumba ya pili. Na mashabiki wa Orient hawakulisahau deni hilo. Mwaka 2011, karibu karne nzima baadaye, walikuwa wamechanga fedha zao wenyewe na kusimamisha mnara katika kijiji cha Flers, Ufaransa, karibu na eneo walikopigania wale jamaa. Haikuwa fedha ya serikali wala ya mdhamini. Ilikuwa michango ya mashabiki wa timu ya madaraja ya chini.

HEARTS WALIVYOPOTEZA UBINGWA

Kule Scotland, Heart of Midlothian walikuwa wanaongoza ligi Novemba 1914. Timu ilikuwa ya moto. Wachezaji wa kikosi cha kwanza wakajiandikisha kwenye bataliani ya Sir George McCrae, bataliani ya 16 ya Royal Scots, na mamia ya mashabiki wakawafuata. Yaani mtu aliyekuwa anakushangilia Jumamosi, Jumatatu mnashika bunduki pamoja.

Mazoezi ya kijeshi yaliwamaliza nguvu. Usiku wanatembezwa kilomita kwa kilomita, mchana wanatakiwa kucheza ligi. Msimu ukaisha Celtic ni bingwa, Hearts wa pili. Lakini hilo la ubingwa lilikuja kuonekana dogo. Julai mosi 1916, siku ya kwanza ya Somme, wachezaji watatu wa Hearts waliuawa siku moja: Harry Wattie, Duncan Currie na Ernie Ellis. Mpaka vita inakwisha, klabu ilikuwa imepoteza wachezaji saba.

Mwaka 1922 mnara wa saa ulizinduliwa eneo la Haymarket, Edinburgh, kwa ajili yao. Mpaka leo kila Novemba, mashabiki, wachezaji na viongozi wa Hearts hukusanyika pale. Ukoo wa wale waliokufa una mahali pa kusimama, na unakuta watu wengine wamesimama nao. Jambo hilo linaonekana jepesi. Muulize aliyefiwa akuambie uzito wake.

TULL, NA WALE WASIO NA MAJINA

Katika Bataliani ya Wanasoka alikuwemo pia Walter Tull. Huyu alizaliwa Folkestone mwaka 1888, baba yake akitokea Barbados. Alifiwa na wazazi akiwa mdogo, akalelewa kituo cha yatima London, akakua mpaka akachezea Tottenham na baadaye Northampton Town. Mwaka 1917 alipandishwa cheo kuwa ofisa, jambo ambalo kwa mtu mweusi katika jeshi la Uingereza la siku zile lilikuwa karibu haliwezekani. Machi 25, 1918, aliuawa Ufaransa. Askari wenzake walijaribu kuurudisha mwili wake chini ya risasi, wakashindwa. Kaburi lake halijulikani, ila jina lake limechongwa kwenye mnara wa Arras, na kule Northampton lipo jiwe la kumbukumbu yake kwenye uwanja wa klabu. Barua ya msiba ilikwenda kwa kaka yake, Edward, aliyekuwa Glasgow.

Hapa ndipo habari hii inapotugusa sisi. Vita ileile ilipiganwa na kwetu pia, kuanzia Tanga hadi Mahiwa kule Lindi. Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni ya watu hao. Lakini askari na hasa wapagazi wa Kiafrika waliokufa kwa maelfu, wengi hawakuandikwa jina popote. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba Waafrika na Waasia wengi hawakuenziwa sawa na Wazungu, na ikaomba radhi.

Tull ana jina ukutani na klabu inayomkumbuka. Mpagazi wa Mahiwa hana. Familia yake ilibaki inasubiri mtu ambaye hakuna aliyekuja kusema amefia wapi.

MTOTO ALIYEBAKI

Turudi kwenye zama hizi. Mwaka 2009 Koplo Lee Scott wa jeshi la Uingereza aliuawa Afghanistan. Mkewe, Nikki Scott, alibaki na watoto wawili wadogo. Mwaka uliofuata akaanzisha taasisi ya Scotty's Little Soldiers kwa ajili ya watoto waliofiwa na mzazi aliyekuwa mwanajeshi.

Taasisi hiyo inafanya nini? Mambo ya kawaida kabisa. Mtoto anakumbukwa siku yake ya kuzaliwa na wakati wa Krismasi. Anapata mtaalamu wa kuzungumza naye juu ya msiba. Anapata mapumziko pamoja na familia yake. Akikua, anasaidiwa kwenye masomo. Na zaidi ya yote anakutanishwa na watoto wenzake wenye msiba kama wake, ili asijione yeye ndiye peke yake darasani asiye na baba kwa sababu ile. Siku ya kumbukumbu mwezi Novemba, watoto hao huandamana London wakiwa na skafu za mistari ya njano na nyeusi. Ukiwaona utadhani ni mashabiki wanakwenda uwanjani.

Michezo ina sehemu yake katika kazi za namna hii. Uingereza ipo taasisi inayoitwa Tickets For Troops, inayopokea tiketi kutoka kwa waandaaji wa mechi na matamasha na kuwapa bure wanajeshi walio kazini na waliotoka jeshini kwa sababu ya majeraha. Everton, kupitia taasisi yao ya jamii, wana kituo cha wastaafu wa jeshi ambako mtu anakwenda kupiga stori, kunywa chai na kupata ushauri.

Marekani nako wapo Vet Tix, walioanza mwaka 2008 baada ya mwanzilishi wake kujiuliza kwa nini viti vinabaki vitupu kwenye mechi kubwa wakati wapo wanajeshi wasioweza kununua tiketi. Wanatoa tiketi kwa wanajeshi, wastaafu, na pia kwa familia za waliouawa vitani. Ipo na TAPS, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Bonnie Carroll, mjane wa jenerali aliyekufa kwa ajali ya ndege ya jeshi huko Alaska. Wao wana mpango maalumu wa kuziunganisha familia zilizofiwa na timu za michezo. Familia inaalikwa, inakutana na wachezaji, na jina la marehemu linatajwa.

Mtu atasema tiketi haimfufui mtu. Ni kweli. Lakini fikiria mtoto ambaye baba yake ndiye aliyekuwa anampeleka uwanjani. Baba akifa, mtoto anapoteza baba na anapoteza uwanja kwa pamoja, maana mama hana fedha, hana muda, na pengine hata mpira haujui. Ukimrudishia uwanja, umemrudishia kipande cha baba yake.

SI KILA MTU ANALIVAA UA

Haitakuwa haki kulisifia ua lile bila kusema kwamba linagombaniwa. James McClean, winga aliyezaliwa Derry, Ireland Kaskazini, alianza kulikataa mwaka 2012 akiwa Sunderland. Sababu yake ni kwamba mjini kwao jeshi la Uingereza liliwaua raia kwenye Jumapili ya Damu mwaka 1972, na ua lile linakumbuka wanajeshi wa vita vyote. Mwaka 2018 Nemanja Matić, akiwa Manchester United, naye hakulivaa. Yeye ni Mserbia, na kijiji chao kilipigwa mabomu ya NATO mwaka 1999 akiwa mtoto.

FIFA nayo iliingia. Mwaka 2016 ilizipiga faini timu za taifa za Uingereza kwa kuonyesha ua hilo, ikisema ni alama ya kisiasa. Mwaka 2017 kanuni zikalegezwa.

Somo hapo ni kwamba kumsaidia mjane wa askari ni jambo moja, na kushangilia vita ni jambo jingine. Klabu inayochanganya hayo mawili inajitafutia ugomvi. Inayoyatenganisha inaungwa mkono hata na yule anayepinga vita, kwa sababu mtoto wa miaka mitano hakutangaza vita na mtu.

KWETU TUNA TIMU, TUNA SIKU

Sasa tuje nyumbani. Tanzania soka na jeshi ni chanda na pete. JKT Ruvu, JKT Oljoro, Mgambo JKT, zote zimewahi kukipiga Ligi Kuu. Msimu wa 2023/24 JKT Tanzania na Mashujaa ya Kigoma zilikuwa Ligi Kuu pamoja, na Mashujaa wakaitoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho kwa mikwaju ya penalti pale Lake Tanganyika, Aprili 2024. JKT Queens ndio usiseme. Mwaka 2023 walibeba ubingwa wa CECAFA na kwenda Ivory Coast kucheza Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake. Shule ya Makongo, iliyo chini ya jeshi, imelea vipaji vya soka kwa miaka mingi.

Na misiba tunayo. Desemba 7, 2017, kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, mashariki mwa Congo, ilishambuliwa. Wanajeshi wetu wasiopungua 14 walipoteza maisha na wengine wengi wakajeruhiwa. Taifa lililia, majeneza yakapokelewa kwa heshima, bendera zikakunjwa. Halafu wiki ikapita, ligi ikaendelea, na kila familia ikarudi kwake.

Kipindi hicho cha baada ya wiki ndicho kigumu. Matanga yakishaanuliwa, ndugu wakishapanda mabasi, jeshi likishakamilisha taratibu zake, mama anabaki na watoto na maswali. Kuna nyumba za kambini ambazo familia haiwezi kukaa milele. Kuna mtoto anayehamishwa shule na kuacha marafiki. Kuna mke wa askari aliye hai, mume yuko kwenye ulinzi wa amani miezi na miezi, na kila simu ngeni ikiita moyo unapasuka. Huyu naye ni familia ya jeshi, na naye anahitaji watu.

Tunayo Siku ya Mashujaa, Julai 25 kila mwaka. Hebu angalia kalenda ya soka. Julai 25 timu ziko kwenye maandalizi ya msimu. Wiki chache zinazofuata ndipo kunakuwa na Simba Day na Wiki ya Mwananchi, matamasha yanayojaza uwanja wa Mkapa mpaka watu wanarudishwa getini. Klabu zote mbili wiki hizo huwa zinafanya mambo ya kijamii. Wanachangia damu, wanatembelea hospitali, wanapeleka misaada kwa wenye uhitaji. Utaratibu upo tayari. Kinachokosekana ni kundi moja kwenye orodha.

KISIWE KIBURUDISHO CHA PICHA

Mapendekezo si ya kukamua bajeti ya mtu.

La kwanza, viti. Mechi ngapi za ligi zinachezwa huku majukwaa yako nusu? Klabu za majeshi, kwa kuanzia, zinaweza kutenga eneo kila mechi ya nyumbani kwa wajane, watoto na wake wa askari walio nje ya nchi. Tiketi ya mzunguko kwa mtoto haimfilisi mtu.

La pili, mechi ya hisani Julai, karibu na Siku ya Mashujaa. Mashujaa FC jina wanalo, JKT Tanzania uwanja wanao pale Mbweni. Wakikutana kila mwaka, sehemu ya viingilio ikaenda kwenye ada za watoto waliofiwa, na hesabu ikatangazwa hadharani mpaka shilingi ya mwisho, mashabiki watakuja. Shabiki wa Bongo si mchoyo, anachokichukia ni kutojua fedha yake imeingia mfuko gani.

La tatu, jezi za mnada. Tumeona wenzetu wanavyofanya. Jezi aliyovaa staa wa Simba au Yanga kwenye dabi ina thamani, na wenye fedha wa kuigombania wapo.

La nne ni la akademi. Watoto wa wanajeshi waliofiwa wapewe nafasi ya mazoezi bila malipo, wavulana na wasichana. Mtoto mwenye kocha anayemuuliza Jumatano kwa nini Jumanne hakuja, huyo ana mtu mzima mmoja zaidi anayemfuatilia.

Lakini kuna tahadhari, na hii wenye klabu waisikie vizuri. Mtoto aliyefiwa si pambo la mitandaoni. Isiwe anasimamishwa katikati ya uwanja, anakabidhiwa boksi la maji na unga mbele ya kamera, kesho yake hakuna anayemjua jina. Taasisi kama ile ya Nikki Scott zinafanikiwa kwa sababu zinamkumbuka mtoto kila mwaka mpaka anakuwa mtu mzima. Mama aulizwe kwanza kama anataka picha. Akikataa, tiketi apewe vilevile.

Wale mashabiki wa Orient walichukua karibu miaka 100 kusimamisha mnara wa watu watatu. Watoto wa Semuliki hawahitaji kusubiri hivyo. Waliokuwa wachanga mwaka ule sasa wana umri wa kucheza mpira, na pengine yumo mmoja anayejua kupiga mguu wa kushoto. Klabu ipi itakuwa ya kwanza kumfungulia geti?